UZI: Umeumia kazini? Usisaini karatasi ya "malipo ya mwisho" kabla jeraha halijatulia

MwakilishiWaZamu (mwenye uzi)

Wakuu salaam.

Nimekuwa kwenye kamati ya usalama kiwandani kwa miaka mingi, kisha mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kazi iliyonikuta mara nyingi kuliko nyingine ni kumsindikiza mtu aliyeumia: hospitali, ofisi ya utumishi, ofisi ya kazi, kwa wakili. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo moja linaloniuma. Watu wengi hawapotezi haki yao mahakamani. Wanaipoteza ofisini, mkono ukiwa bado na bandeji, kwa kusaini karatasi moja.

Chukueni hili la mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku. Mkono wake wa kulia ulivutwa na rola. Kikinga cha ile mashine kilikuwa kimeondolewa muda mrefu kwa kuwa kilichelewesha usafishaji, na kila mtu wa zamu ile alilijua hilo. Msimamizi akaandika kwenye kitabu cha ajali: "Mfanyakazi aliingiza mkono kwa uzembe." Kikinga hakikutajwa hata kwa neno moja. Siku chache baadaye jamaa akaitwa ofisini, akapewa bahasha na karatasi ya ukurasa mmoja. Ilisema amepokea pesa zile kwa hiari yake, kuwa fidia kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai chochote tena milele. Akasaini kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa mpaka kwenye kiwiko.

Siku ile daktari alikuwa bado na matumaini ya kuviokoa vidole vyote. Baadaye kimoja kikakatwa, cha pili kikakakamaa. Leo hawezi kukamata spana. Na zile pesa zilihesabiwa kana kwamba atarudi kazini mzima.

Ndiyo maana nasema msisaini. Fidia ya ulemavu wa kudumu, karibu kila mahali penye sheria ya fidia, hupimwa kwa kiasi cha uwezo ambacho mtu amebaki amepoteza, mara nyingi kwa asilimia. Asilimia hiyo haiwezi kujulikana kabla jeraha halijafika ukomo wa kupona, yaani pale daktari anaposema matibabu yaliyobaki ni ya kutunza tu, hali haitarajiwi kubadilika sana. Kwa mfupa inaweza kuwa miezi. Kwa mgongo, mishipa ya fahamu au kichwa, hata mwaka na zaidi. Anayekuletea hesabu ya mwisho kabla ya hapo anakuletea makisio, na makisio hayo yamefanywa na upande unaotoa pesa.

Kuna watakaouliza: sasa nile nini muda wote huo? Swali halali. Sheria nyingi zinatenganisha mambo mawili. Kuna malipo ya muda wakati hujaweza kufanya kazi, ambayo ni sehemu ya mshahara wako, pamoja na gharama za matibabu. Halafu kuna fidia ya ulemavu utakaobaki nao. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952 uliweka kiwango cha chini cha malipo ya anayeshindwa kazi kuwa asilimia 50 ya kipato, kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili. Mkataba namba 121 wa mwaka 1964 ukapandisha hadi 60. Nchi zilizoridhia zinafungwa na viwango hivyo, na nyingine zimeweka vya juu zaidi. Kwa hiyo dai kwanza malipo ya muda na matibabu. Mwajiri akitaka kukupa pesa ya haraka ya dawa au nauli, pokea, lakini andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "Nimepokea kwa ajili ya matibabu, bila kuathiri madai yangu ya fidia." Wakikukataza kuandika hivyo, umeshajua ile pesa ilikuwa ya nini.

Jingine ambalo watu hawaambiwi: fidia hii haikuanza kama huruma ya mtu. Mwaka 1837 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Priestley dhidi ya Fowler. Kijana wa duka la nyama aliagizwa na bosi wake asindikize mzigo, gari la farasi likavunjika kwa kuzidishwa uzito, akavunjika paja. Mwishowe hakupata kitu. Baada ya hapo mahakama zikawa na majibu matatu ya kumfungia mfanyakazi mlango: aliyekuumiza ni mwenzako na si bosi, ulijua kazi ina hatari ukaikubali, na wewe mwenyewe ulichangia. Ukikwepa moja unanaswa na jingine.

Ujerumani ndiyo iliyovunja mtindo huo kwa sheria ya bima ya ajali ya mwaka 1884, Uingereza ikafuata 1897, na majimbo ya Marekani kuanzia Wisconsin mwaka 1911. Yalikuwa makubaliano ya nipe nikupe. Mfanyakazi anaacha kuthibitisha kosa la mwajiri, na mara nyingi anaacha kumshitaki. Mwajiri naye analipa kila mtu aliyeumia kazini, kosa liwe la nani. Kwa hiyo unapodai fidia huombi msaada. Wafanyakazi waliokutangulia walishatoa haki yao ya kushitaki ili wewe ulipwe bila mabishano.

Karibuni kwa maswali. Nchi zetu zinatofautiana sheria, kwa hiyo kila mtu apige hatua ya mwisho kwenye ofisi ya kazi ya kwao.

---

Dada_Ghalani

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi niliteleza nikaanguka na boksi. Meneja anasema sikuvaa viatu walivyonipa, kwa hiyo ni kosa langu na sina changu. Ni kweli sikuvaa, vilikuwa vinabana. Nimekwisha au?

MwakilishiWaZamu

Pole dada. Hujakwisha. Chini ya mfumo wa fidia bila kosa, uzembe wa kawaida haukunyimi haki. Kusahau, kuchoka, kuharakisha kwa sababu ya lengo la zamu, vyote ni hali za kazi. Kinachoweza kukunyima, na hapa sheria za nchi nyingi zinafanana, ni kujiumiza makusudi, ulevi uliosababisha ajali, au utovu wa nidhamu uliokusudiwa. Na hata hilo la mwisho, sehemu nyingi halihesabiwi kama umekufa au umepata ulemavu mkubwa.

Hilo la viatu kubana liandike sasa. Uliwahi kumwambia mtu? Kwa ujumbe wa simu? Kama ulimwambia msimamizi ukajibiwa "vumilia", huo ni ushahidi kwamba vifaa vya kujikinga vilitolewa ili ionekane vimetolewa tu. Usiufute huo ujumbe.

---

NesiWaZamu

Naomba niongezee upande wa hospitali maana naona haya kila wiki.

Watu wanafika mapokezi, wanaulizwa "umeumiaje?", wanajibu "nimeanguka". Basi. Kwenye faili inaandikwa "ameanguka". Miezi minane baadaye bima inauliza ni wapi panaposema ameanguka kazini, na hapapo. Jibu swali lile kwa sentensi nzima: nimeanguka kutoka kwenye ngazi nikiwa kazini, saa fulani, nikifanya kazi fulani. Mwombe anayeandika akusomee.

La pili, taja kila kinachouma. Aliyevunjika mguu anasahau kusema kwamba shingo nayo inauma kwa sababu mguu ndio unaopiga kelele. Shingo ikija kusumbua baadaye, upande wa pili utasema hiyo ni ya nyumbani kwako.

La tatu linakera. Wakati mwingine mgonjwa anasindikizwa na mtu wa kampuni na huyo ndiye anayejibu maswali. Una haki ya kumwambia daktari unataka kuongea naye mkiwa wawili. Ulizeni hivyo, sisi tunaelewa.

Na kama ulikuwa na mgongo mbovu tangu zamani, usifiche. Ukificha kikajulikana, hakuna atakayekuamini tena kwa lolote. Ukisema ukweli, daktari anaweza kuandika kwamba tatizo la zamani lilizidishwa na kazi. Mwongozo wa kawaida wa kisheria ni kwamba mwajiri anamchukua mfanyakazi jinsi alivyo, udhaifu wake ukiwemo.

---

Kibarua_Bila_Karatasi

Haya yote ni ya wenye ajira. Mimi naletwa na wakala, nalipwa kwa siku, sina mkataba. Nimeumia kwenye saiti. Mwenye saiti anasema mimi ni wa wakala, wakala anasema mimi nimejiajiri. Naenda wapi?

Wakili_Mkimya

Ndugu, nitajibu hili maana ndilo eneo langu.

Jina mlilopewa haliamui. Kinachoangaliwa ni hali halisi: nani anakupangia saa, nani anakuelekeza namna ya kufanya kazi, vifaa ni vya nani, unaweza kumtuma mtu mwingine badala yako, na ukikataa kazi ya leo kesho unaitwa? Ukijibu hayo na majibu yote yakaelekea kwa mtu mmoja, huyo ndiye mwajiri machoni pa sheria hata kama hajawahi kukuandikia barua. Sheria kadhaa pia zinamfunga mwenye kazi kuu kulipa pale mkandarasi mdogo anaposhindwa, kisha atajua mwenyewe namna ya kumdai.

Kusanya sasa: miamala ya malipo kwenye simu, picha ukiwa na sare au kofia ya saiti, daftari la getini, kundi la WhatsApp linalotangaza zamu. Wapelekee madai wote wawili kwa maandishi kwa wakati mmoja, waache wasukumane wao kwa wao. Usimchague mmoja ukamwacha mwingine mpaka muda ukapita.

Nigusie pia mlango wa mahakama, maana mwenye uzi ameupitia juu juu. Nchi hazifanani hapa. Ujerumani, fidia ya bima inaondoa shitaka dhidi ya mwajiri isipokuwa alikusudia kukuumiza. Kenya, sheria ya mwaka 2007 ilielekeza madai kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini badala ya mahakama, na Mahakama ya Juu ikaiunga mkono mwaka 2019. Uingereza unaweza kupata mafao ya serikali na bado ukamshitaki mwajiri kwa uzembe, na kwa kawaida una miaka mitatu. Kwa hiyo rafiki yako wa nchi nyingine akikwambia "mimi nilishitaki nikapata", usiige kabla hujauliza.

Lakini hata pale mlango wa kumshitaki mwajiri ulipofungwa, mtu wa tatu kwa kawaida hajafungiwa. Aliyetengeneza mashine yenye kasoro, dereva wa kampuni nyingine aliyekugonga ukiwa kazini, mkandarasi aliyefunga jukwaa vibaya. Huyo unaweza kumdai kwa uzembe, na huko ndiko kunakopatikana fidia ya maumivu na kupoteza raha ya maisha, ambayo mifuko mingi ya fidia hailipi. Mfuko unaweza kudai urudishiwe ulichokwisha kukulipa, hilo ulijue mapema.

---

Mzee_wa_Winchi

Wanangu, mimi niseme tofauti kidogo. Nimeona vijana wanakataa bahasha, wanakaa miaka wakifukuzia kesi, mwisho wanapata kidogo kuliko walichokataa, na wakili amekula sehemu. Mtu ana watoto na kodi ya nyumba. Pesa mkononi ni pesa.

MwakilishiWaZamu

Mzee wangu shikamoo. Nakuelewa na nimewaona hao unaowasema. Wapo. Ila tutenganishe. Madai kwenye mfuko wa fidia au bima ya mwajiri si kesi ya mahakamani. Ni fomu, ripoti ya mwajiri, ripoti ya daktari na ukaguzi. Inaweza kuchelewa, ndiyo, lakini huhitaji kumthibitisha yeyote kuwa mkosaji. Kumwambia mtu mwenye haki hiyo "chukua bahasha" ni kumpeleka aruke mlango ulio wazi.

Suluhu nayo siipingi. Napinga suluhu ya siku ya kumi, kabla ya tathmini. Ikishapimwa asilimia, ukakaa na mtu anayejua hesabu, ukaona mnachopewa kinakaribiana na haki yako, pokea na uendelee na maisha. Tena pima kama unataka mkupuo au pensheni ya kila mwezi, pale sheria inapokupa nafasi ya kuchagua. Kijana aliyepoteza uwezo wake mkubwa wa kazi ana miaka mingi mbele, na mkupuo unaisha.

Kuhusu wakili, muulize kabla ya kuanza: asilimia yako ni ya nini, ya kile nitakachopata kwa kazi yako au hata ya kile ambacho ningepata bila wewe? Iandikwe.

Wakili_Mkimya

Kwa aliyekwisha kusaini: usikate tamaa. Sheria nyingi za fidia zinasema makubaliano ya kumwondolea mfanyakazi haki yake ni batili, au hayana nguvu mpaka afisa wa kazi au mahakama iyapitie. Kile ulichopokea kinaweza kukatwa kwenye unachostahili, lakini haki yenyewe inaweza kuwa hai. Nenda na nakala ya ile karatasi. Kama hukupewa nakala, omba kwa barua na utunze barua.

---

Vumbi_la_Mawe

Je, kama hakuna ajali? Nimefanya kazi ya kupasua mawe miaka mingi, kifua kimeharibika. Niliacha kazi kitambo. Nianzie wapi wakati hata siku ya kuumia haipo?

NesiWaZamu

Pole sana kaka. Nenda kapime kifua na useme wazi umefanya kazi ya vumbi la mawe. Vumbi lenye silika huacha makovu kwenye mapafu, na ugonjwa huo, silikosisi, unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Mwenye silikosisi pia yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu, kwa hiyo vyote viwili vichunguzwe. Usikubali kupewa dawa ya kikohozi tu.

Wakili_Mkimya

Magonjwa yatokanayo na kazi yanalipwa kama ajali. Orodha ya Shirika la Kazi Duniani, iliyohuishwa mwaka 2010, ina magonjwa ya mapafu, kupoteza usikivu kwa kelele, ngozi, mifupa na misuli, hata matatizo ya akili yanayotokana na kazi. Muda wa kudai kwa kawaida hauhesabiwi tangu siku ya kwanza ya vumbi. Sheria nyingi huuhesabu tangu ugonjwa ulipogunduliwa au ulipojua kwamba unatokana na kazi. Kwa hiyo karatasi ya vipimo ina tarehe yenye thamani kubwa, itunze.

Uwajue pia wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Thembekile Mankayi alikuwa na silikosisi, akaishitaki kampuni ya AngloGold Ashanti. Kampuni ikasema sheria ya fidia imefunga mlango. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba haukufungwa kwa wachimbaji kama yeye. Alifariki siku chache kabla ya hukumu. Lakini kwa njia aliyoifungua, wachimbaji wengine walishitaki kwa pamoja na mwaka 2019 mahakama ikaidhinisha suluhu ya randi bilioni 5 na kampuni kadhaa za dhahabu. Kwa hiyo tafuta wenzako mliopasua mawe pamoja. Watu kumi wenye kifua cha aina moja kutoka sehemu moja ni ushahidi ambao mtu mmoja hawezi kuwa nao.

---

Dada_Ghalani

Swali la mwisho jamani. Wakinifukuza kwa kudai?

MwakilishiWaZamu

Wanaweza kujaribu. Kumfukuza mtu kwa sababu amedai fidia ni kosa kwa sheria za nchi nyingi, na ni dai jipya juu ya lile la kwanza. Ndiyo maana kila kitu kiende kwa maandishi na chenye tarehe. Ukipeleka madai Jumatatu ukapata barua ya kusimamishwa Alhamisi, tarehe zinasema zenyewe. Jiunge na chama kama kipo, usiende ofisini peke yako, na baada ya kikao chochote tuma ujumbe mfupi: "Kama tulivyozungumza leo, umesema hivi na hivi." Asipokanusha, umebaki na kumbukumbu.

Kingine, muda wa kutoa taarifa. Mjulishe mwajiri siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe wa simu, hata kama unaona ni mchubuko. Muda wa kupeleka madai kamili ni mfupi kuliko watu wanavyodhani, nchi nyingine ni mwaka mmoja tu.

---

Shemeji_wa_Marehemu

Nasoma uzi huu nikiwa msibani. Mume wa dada yangu amefia kazini juzi. Wanasema ni moyo, kwa hiyo haihusiani na kazi. Maziko ni keshokutwa. Dada hana hata nguvu ya kuongea. Tufanye nini?

MwakilishiWaZamu

Poleni sana ndugu yangu. Mungu awape nguvu.

Mwache dada apumzike, haya yafanywe na wewe au mtu mwingine wa familia. Wategemezi wana haki yao: mjane, watoto, mara nyingi hata wazazi aliokuwa akiwatunza. Mkataba namba 121 unaweka malipo ya mjane mwenye watoto wawili kuwa asilimia 50 ya kipato cha marehemu, pamoja na mchango wa mazishi, na sheria za nchi nyingi zina kitu cha namna hiyo. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati za mshahara vinaweza kusubiri wiki ijayo.

Kisichoweza kusubiri ni uchunguzi wa mwili. Moyo ukisimama baada ya zamu mbili mfululizo, au kwenye joto kali, au kwenye tenki lisilo na hewa, kazi inaweza kuwa ndiyo chanzo, na baada ya maziko ni vigumu mno kujua. Leo hii andikeni barua hospitalini kuomba uchunguzi wa chanzo cha kifo, na mseme ndani yake kwamba alifia kazini na alikuwa akifanya nini. Nakala ipelekeni ofisi ya kazi, mgongewe muhuri wa kupokelewa. Kisha mpigie mmoja wa waliokuwa naye zamu ile, umuulize alianza kujisikia vibaya saa ngapi na nani aliambiwa. Muulize kwa upole, andika anachosema na jina lake. Nitumie ujumbe wa faragha, nikusaidie kuandika hiyo barua sasa hivi.